Jibu: Wali wa nazi juu mbichi, chini umeungua

Habari ndugu. Umesema wali wako wa nazi juu unabaki na kiini, chini umeshaungua, na ukiongeza maji unageuka bokoboko. Yalinikuta nilipoanza kupanga chumba. Wiki nzima nilikula ukoko!

Kabla hujalaumu mchele, angalia sufuria. Ikiwa nyepesi, tui linashika chini upesi sana. Pili, tui zito unalitia wakati gani? Mimi nilikuwa namwaga lote mwanzoni, na hapo ndipo nilipokuwa nakosea. Sasa nachemsha tui jepesi na chumvi, vikombe 3 kwa vikombe 2 vya mchele, ndipo natia mchele. Likikaribia kukauka namimina tui zito nusu kikombe, nageuza mara moja, basi. Ukikorogakoroga punje zinakatika, bokoboko hilo.

Halafu moto. Kama ni mkaa, bakiza makaa machache chini, mengine palia juu ya mfuniko. Kama ni gesi, shusha hadi mwisho, funika kwa mfuniko unaobana na uache dakika 15. Usichungulie (najua inashawishi), maana mvuke ndio unaoivisha huko juu.

Ukikuta bado una kiini, usimimine maji. Nyunyiza kwa mkono vijiko viwili vitatu vya maji ya moto, funika tena.

Jiko la umeme sijawahi kupikia, wenye nalo waje wakusaidie.