Kwa mnaoanza kwenye meza ya leza: tafuteni kelele kwanza

Wadogo zangu mnaoanza fizikia hapa Mtwara, karibuni. Kila anayekuja kwenye meza yetu huuliza, "Mwalimu, wimbi la mvutano, ule mtikisiko mdogo mno unaonyoosha na kubana nafasi yenyewe, tutaliona lini?" Kwa meza hii, hamtaliona. Kifaa chetu hugawa mwanga wa leza njia mbili, yaani mikono, kisha huukutanisha tena ukutani; mikono hiyo ina nusu mita. Ya LIGO, vifaa vya kunasa mawimbi hayo kule Marekani, ina kilomita 4 kila mmoja. Na bado, wimbi la kwanza kunaswa lilipopita tarehe 14 Septemba 2015, urefu wa mikono ile ulibadilika kwa kiasi kisichofika sehemu moja ya mia ya upana wa protoni. Ila kelele, yaani kila mtikisiko unaovuruga kipimo, mtaziona siku ya kwanza, na kazi yenyewe ndiyo hiyo.

Mimi zilinipotezea wiki mbili. Mistari ya mwanga na giza pale ukutani ilikuwa haitulii. Nikalaumu leza, nikabadilisha betri, nikabandika vioo upya. Mchana mmoja umeme ukakatika. Leza yetu ni ya betri, ikabaki inawaka, na ile mistari ikatulia tuli kama maji ya mtungini. Kumbe feni ya dari! Tangu hapo tunapima feni ikiwa imezimwa, jasho linadondokea daftari. Msimu wa korosho ndio usiseme: lori likipita kwenda bandarini, mistari inarukaruka.

Kwa hiyo andikeni kila kitu. Saa na dakika, nani kafungua mlango, lori gani limepita, hata mkiona ni upuuzi. Kule Hanford, kituo kimojawapo cha LIGO, mwaka 2017, data ilikuwa na vishindo visivyoeleweka. Maikrofoni ndizo zilizowaumbua wahusika: kunguru waliokuwa wanadonoa barafu kwenye bomba la nje. Mtu anayewajua kunguru wa soko la samaki hashangai.

Bahari nayo haiwaachi watu wa LIGO. Mawimbi yake hutikisa ardhi mpaka bara, ndiyo maana vioo vyao vya kilo 40 vimening'inizwa ngazi nne, kimoja chini ya kingine, na ngazi ya mwisho inashikiliwa na nyuzi za kioo. Sisi tumelaza ubao juu ya tyubu ya pikipiki. Inasaidia kuliko mnavyodhani.

Halafu msiamini kifaa kimoja. Wimbi lile la 2015, Livingston, kituo kingine cha LIGO, ilisikia kwanza, Hanford ikafuata baada ya milisekunde 7 hivi, na kati yao kuna kilomita 3,000. Kunguru mmoja hawezi kudonoa sehemu zote mbili.

Data ya siku ile iko mtandaoni bure, faili la sekunde 32 halimalizi bando. Mkiichora mbichi mtaona vurugu tupu. Chujeni mtoe masafa ya chini, yaani mitikisiko ya polepole, na mvumo wa umeme, ndipo mlio wa wimbi lenyewe, wa sekunde 0.2, utajitokeza.

Tunaanza Jumatano saa kumi. Njooni na leso, feni hatuwashi.