Usitoe hiyo filta mkuu, mimi ilinitoka milioni

Mkuu usitoe hiyo filta ya petroli. Unasema mashine yako ya boti, ya nguvu farasi 40, ufukweni inawaka vizuri, ukiipa moto inakata pumzi mpaka uminye ile pampu ya kwenye mpira ndo inarudi, fundi kakwambia filta inabana, itoe uunganishe mpira moja kwa moja. Nimefika hapo kwenye kutoa filta mwili ukanisisimka, maneno hayo hayo niliambiwa mimi.

Mwaka juzi Agosti natoka Nyamisati kwenda Kilindoni kule Mafia, abiria sita na magunia ya vitunguu. Jana yake fundi katoa filta na kweli mashine ikachanganya balaa, nikamlipa na ya soda juu. Tumeuacha mdomo wa Rufiji, kusi linavuma, mashine ikaanza kulia sauti nyembamba kali kuliko moto nilioipa, nami nafurahi leo ina nguvu, kumbe jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli, ya silinda moja imeziba taka, petroli inapita kiduchu, na hizi mashine za kuchanganya, oili imo humo humo kwenye petroli, ikikosa mafuta imekosa na oili. Ikakwama kaa! Kamba ya kuwashia unavuta haiji hata inchi. Nikatupa nanga, watu wanatapika, mama mmoja kamkumbatia mwanae hasemi kitu, mpaka wavuvi wa dagaa wakaja kutuvuta.

Kufungua, pistoni imechubuka ubavu mzima. Kuchonga silinda, pistoni, ringi, milioni moja na laki mbili. Kwenye bakuli la kabureta maji kama vijiko viwili, unga mweupe wa chumvi, mchanga, na nyuzi za kiroba. Yule fundi ananiambia eti bahati mbaya, bahari hiyo. Bahati gani! Filta ikiziba maana yake imekamata kitu, sasa unamfukuza mlinzi kwa kuwa kakamata mwizi? Na wauza mafuta nao wanapimia kwenye madumu ya mafuta ya kula hata hayajasuuzwa, jamani mashine haikaangi maandazi.

Shida yako iko kwenye tanki. Lita ya petroli haifiki gramu 800, ya maji ni kilo nzima, kwa hiyo maji yanakaa chini kabisa pale pale bomba linapofyonzea, boti ikirukaruka yanavurugika na taka zote zinapanda. Fungua filta, mimina kilichomo kwenye chupa nyeupe ya maji ya kunywa, iache dakika kumi. Ukiona mstari, juu rangi ya oili na chini maji matupu, mwaga tanki lote, lisuuze kwa petroli safi, kausha, weka filta mpya, na kile kitundu cha hewa cha kwenye mfuniko wa tanki kifunge ukilala, mvua inaingilia hapo.

Fanya leo kabla hujatoka, halafu weka picha ya hiyo chupa hapa tuione.