Kiraka kwenye moyo wa mtoto: je, swala yake itasihi?

SWALI: Assalaam alaykum shekhe. Naishi Ujiji. Binti yangu wa miaka 4 ana tundu kati ya vyumba vya chini vya moyo, tumeandikiwa kwenda Dar kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Tumesikia atawekewa kiraka cha plastiki inayoyeyuka mwilini. Ustadhi wa mtaani kasema viraka hivyo vina nguruwe, na moyo ni makao ya imani, kwa hiyo swala yake haitasihi maisha. Baba yake kasimamisha safari.

JIBU: Wa alaykumu s-salaam mama, Allah amponye binti yetu.

Plastiki zinazoyeyuka, kama polilaktiki, hazina nguruwe. Polilaktiki huanzia kwenye sukari ya mahindi au miwa iliyochachushwa, ikawa asidi ileile iliyomo kwenye maziwa mgando. Ndani ya mwili maji huikatakata taratibu hadi irudi kuwa asidi hiyo. Poliglikoliki, plastiki nyingine ya aina hii, huisha kwa miezi michache. Polilaktiki hupita mwaka. Ugumu wake ni huu: kiraka kikiisha kabla nyama haijakomaa, kovu changa hutuna kwa msukumo wa damu, kikichelewa, hubaki kigumu na kuleta uvimbe. Ndiyo maana kiraka cha kuyeyuka bado kipo zaidi kwenye utafiti. Watoto wengi huzibwa kwa kitambaa cha polyesta, au utando wa moyo wao wenyewe au wa ng'ombe. Mnyama pia huweza kuingia kwenye jelatini (utomvu wa ngozi na mifupa ya mnyama) inayopakwa juu ya baadhi ya vitambaa ili damu isivuje. Hilo huulizwa kwa daktari, halikisiwi barazani.

Haya, tuseme ni najisi kweli. Sisi ni Mashafii, na Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu chake cha fiqhi, kasema wazi: aliyeunga mfupa wake kwa najisi kwa kukosa kilicho tohara, ana udhuru. Huo ni mfupa tu, sembuse moyo! Sahaba Arfaja alikatwa pua vitani, akaweka ya fedha ikanuka, Mtume (s.a.w.) akamwamuru aweke ya dhahabu, nayo ni haramu kwa wanaume. Anayebatilisha swala ya mtoto, ambaye hata haijamfaradhikia, alete dalili, asilete hofu. Na hiyo hoja ya makao ya imani: kama imani ingekuwa kwenye nyama, basi binti huyu angezaliwa na imani yenye tundu. Astaghfirullah.

Baba yake umwambie hivi. Tundu kubwa husukuma damu ya ziada mapafuni kila pigo. Mishipa ya mapafu hukakamaa, na ikishakakamaa kabisa madaktari hawazibi tena, maana kuziba huwa hatari kuliko kuacha. Kwa hiyo msingoje mavuno wala msimu wa dagaa.

Kabla ya safari mpelekeni kwa daktari wa meno. Jino bovu hupitisha vijidudu kwenye damu, navyo hung'ang'ania kiraka kipya. Akishapasuliwa, kwa miezi 6 asing'olewe jino mpaka daktari wake wa moyo aambiwe.

Wallahu a'lam.