Maswali ya Wasomaji: Ukuta Uliomwangukia Buster Keaton

SWALI: Katika filamu bubu moja ya mwaka 1928, ukuta mzima wa nyumba unamwangukia Buster Keaton, mchekeshaji wa Marekani, naye anabaki wima. Ilikuwa hila ya kamera? Na mbona nyota yake ilififia baadaye, filamu zilipoanza kuwa na sauti? Je, sauti yake haikufaa?

JIBU: Hakukuwa na hila. Ukuta ule ulikuwa wa kweli, wenye uzito wa takriban tani 2. Ulijengwa mzito makusudi, kwa sababu mwepesi ungepinda kwa upepo wa mashine zilizoigiza dhoruba na kuangukia pasipotakiwa. Dirisha la juu lilipimwa limpitie akiwa amesimama palepale, likimwachia sentimita chache tu kila upande. Angesogea hatua moja, angekufa. Ujasiri huo ulianza utotoni, baba yake alipokuwa akimrusha huku na huko jukwaani katika maonyesho ya vichekesho ya familia yao.

Sauti siyo iliyomwangusha. Mwaka huohuo wa 1928 aliingia mkataba na MGM, studio iliyodai kila kitu kiandikwe kabla ya kupiga picha, ilhali yeye alizoea kubuni vichekesho papo hapo na kikosi chake. Tunaamini hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Pombe ikaongezea, na mwaka 1933 akafukuzwa. Hata hivyo hakuacha kazi. Aliigiza hadi miaka ya 1960, televisheni ikiwemo.