Mfumo ukianguka utajua, akili bandia ikikosea huenda usijue

"Mwalimu, nimebonyeza kuwasilisha, inazunguka tu. Nifanyeje?"

Ujumbe huo niliupata dakika ya 52 ya mtihani wa mtandaoni wa saa moja. Kabla sijajibu ukaingia wa pili, wa tatu, wa kumi. Nikafungua ukurasa wa mtihani kwa upande wangu, nao ukabaki mweupe. Mfumo wetu wa masomo ya mtandaoni uliporudi, kama dakika ishirini baadaye, baadhi ya wanafunzi walikuta majibu yao yote yapo, wengine nusu, na binti mmoja aliyekuwa ameandika insha ndefu katika swali la mwisho akakuta kisanduku kitupu. Aliniandikia sentensi moja tu: "Mwalimu, sikumbuki tena nilichoandika." Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kuyafuatilia mambo haya kwa dhati.

Chanzo hakikuwa kigumu kukijua. Siku za kawaida wanafunzi huingia mmoja mmoja, huyu asubuhi, yule usiku wa manane, na seva, yaani kompyuta inayoendesha mfumo, inawamudu bila shida. Siku ile nilikuwa nimewapangia wote dakika ileile ya kuanza na dakika ileile ya kumaliza. Walipokimbilia kitufe kimoja kwa pamoja, seva ikazidiwa. Tangu hapo mtihani wangu unakaa wazi kwa muda wa saa 12, na saa moja ya mwanafunzi inaanza kuhesabiwa pale anapoufungua. Kwa anayehofia kuibiana majibu, dawa ni benki kubwa ya maswali na mfumo kumchagulia kila mmoja seti yake. Kuitengeneza ni kazi ya wiki kadhaa, lakini ukishaitengeneza utaitumia miaka.

Jambo la pili ni kujua mfumo wako unahifadhi majibu wakati gani. Moodle, kwa mfano, mfumo mmojawapo wa masomo ya mtandaoni, katika mipangilio yake ya kawaida huhifadhi wenyewe majibu ya jaribio kila baada ya sekunde 60 hivi. Mifumo mingine husubiri mpaka ubonyeze ukurasa unaofuata. Usiulize, jaribu. Ingia kama mwanafunzi, andika sentensi tatu, ngoja dakika mbili, kata intaneti, funga kivinjari, kisha rudi uone kilichobaki. Fanya hivyo kwa simu pia, tena simu ya kawaida yenye mtandao wa kusuasua, maana ndivyo wanafunzi wengi wanavyosoma. Mimi nilikuwa nimejaribu kwa kompyuta tu, kwenye intaneti nzuri, nikaridhika.

Wauzaji wa mifumo hupenda kukuonyesha asilimia 99.9 ya upatikanaji, yaani sehemu ya muda ambayo mfumo unakuwa hewani. Piga hesabu. Mwaka una saa 8,760, kwa hiyo ile asilimia 0.1 iliyobaki ni saa 8 na dakika 45. Asilimia 99 tupu ni zaidi ya siku tatu na nusu. Swali la kumwuliza muuzaji ni saa hizo zinaangukia lini, na kama muda wa matengenezo umehesabiwa humo au la. Saa nane za usiku wa likizo hakuna atakayezilalamikia. Dakika ishirini za mtihani zinamwumiza mtu. Wala ukubwa wa kampuni si kinga. Tarehe 20 Oktoba 2025 hitilafu katika vituo vya kompyuta vya Amazon vilivyoko kaskazini mwa Virginia, Marekani, ilivuruga huduma nyingi za mtandaoni, mfumo wa masomo wa Canvas ukiwa mojawapo, na wanafunzi wa vyuo vingi wakashindwa kufungua masomo yao.

Ndiyo maana kila Ijumaa napakua alama zote na kazi zilizowasilishwa, naziweka kwenye faili nje ya mfumo. Na mara moja kila muhula naifungua nakala hiyo kuhakikisha inasomeka. Nimewahi kuona nakala ya akiba ya miezi mingi ambayo siku ya kuihitaji ilikataa kufunguka.

Hayo yote, hata hivyo, yana unafuu mmoja: mfumo ukigoma, unaona umegoma. Skrini nyeupe haimdanganyi mtu. Kinachonikosesha usingizi siku hizi ni akili bandia iliyopachikwa ndani ya mifumo hii, kwa sababu yenyewe haigomi. Inaendelea kujibu, kwa lugha safi, hata inapokuwa imekosea kabisa.

Muhula mmoja tulikuwa na roboti ya mazungumzo iliyowajibu wanafunzi maswali ya kawaida. Wanafunzi waliipenda, maana saa saba usiku mimi nimelala na yenyewe iko macho. Mmoja akaiuliza mwisho wa kuwasilisha kazi ya tatu ni lini. Ikamjibu: Jumapili saa sita usiku. Mwisho ulikuwa Ijumaa. Ilikuwa imelishwa mwongozo wa muhula uliopita pamoja na mpya, ikachota kwenye ule wa zamani. Hakuna taa nyekundu iliyowaka popote. Niligundua Jumatatu, nilipowauliza wanafunzi watatu kwa nini wamechelewa, nao wakanionyesha picha za skrini. Niliwapokelea kazi zao bila kuwakata alama, kwa sababu jibu walilipewa ndani ya mfumo tuliowaambia wauamini.

Kisha ikaja programu ya kusahihisha. Niliuliza kwa nini wastani unaweza kupotosha. Mwanafunzi mmoja akaandika kwamba tajiri mkubwa akiingia kwenye chumba chenye watu kumi wa kipato cha chini, kwa wastani wote wanaonekana matajiri, ilhali hakuna hata mmoja wao aliyeongezewa kitu mfukoni. Jibu zuri kuliko la kitabu. Programu ikampa 2 kati ya 10, kwa maelezo kwamba hakutaja istilahi inayotakiwa. Nikachukua jibu lilelile, neno kwa neno, nikalipitisha tena: 5. Mara ya tatu: 7. Mwalimu anayempa mtu alama tatu tofauti kwa jibu moja tungemwita ofisini.

Kwa hiyo kabla ya kuiruhusu programu ya namna hiyo imguse mwanafunzi, chukua majibu ya zamani kama 30 ambayo walimu walishayasahihisha, uyapitishe mara tatu tatu, ulinganishe. Tazama hasa majibu sahihi yaliyoandikwa kwa njia isiyozoeleka, kwani hapo ndipo inapojikwaa. Alama ya mwisho aiweke mwalimu, na mwanafunzi aambiwe wazi kwamba kazi yake imepitiwa na mashine na jinsi ya kukata rufaa. Pia hakikisha kuna namna ya kuizima bila kozi kusimama. Mfumo ambao ukizima akili bandia hata video hazifunguki, mimi singeununua.

Kuhusu programu zinazodai kutambua maandishi ya akili bandia nina msimamo mkali: usimtie mtu hatiani kwa sababu yazo. OpenAI yenyewe, waliotoa ChatGPT mwishoni mwa 2022, walitoa kitambuzi chao Januari 2023 na kukiondoa Julai mwaka huohuo kwa sababu ya usahihi mdogo. Katika majaribio yao wenyewe kiliweza kukamata asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na kikasingizia asilimia 9 ya maandishi ya watu. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walivipima vitambuzi saba kwa insha 91 za TOEFL, mtihani wa Kiingereza kwa wasiokizungumza kama lugha ya kwanza, ambazo zote ziliandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilitajwa kuwa kazi ya mashine. Sisi tunaoandika Kiingereza kama lugha ya pili au ya tatu tuna kila sababu ya kulikumbuka hilo. Nikiwa na shaka, namwita mwanafunzi tuzungumze dakika kumi kuhusu alichoandika. Aliyeandika mwenyewe anajulikana haraka.

Wewe mwanafunzi, andika majibu marefu kwenye faili lako kwanza, ndipo unakili. Ukiwasilisha, piga picha ya skrini inayoonyesha saa. Tarehe yoyote uliyopewa na roboti, ihakiki kwenye mwongozo wa kozi.

Na wewe mwalimu, andaa mapema ukurasa mmoja unaosema mfumo ukigoma mwanafunzi afanye nini: atume majibu wapi, ndani ya muda gani, na mtihani utarudiwa lini ikibidi. Wangu nautuma kwa baruapepe na kwenye kundi la WhatsApp siku tatu kabla ya mtihani. Mwanzoni nilikuwa nimeuweka ndani ya mfumo, na siku ile ilipofika hakuna aliyeweza kuufungua.