Jibu: Plasta yabanduka Shela, chokaa ya Kirumi itafaa?

Aleikum salaam ndugu. Nimekupata, ukuta wa mawe ya matumbawe, plasta ya simiti inabanduka chini karibu na sakafu, na umesoma habari ya zege la Warumi linalojiziba nyufa lenyewe sasa wataka kuchanganya chokaa isiyozimwa, yaani ile iliyochomwa lakini haijatiwa maji.

Angalia chumvi kwanza. Kwangua palipobanduka, ukiona unga mweupe na ukuta una unyevu basi ndo hiyo, maji ya chumvi yanapanda ndani ya jiwe, yakikauka chumvi inakuwa fuwele kwa vile vitundu vidogo na inasukuma plasta kutoka nyuma, na simiti inauzibia ukuta pumzi ndo maana haidumu. Mimi kwa kuta kama hizo huwa natoa simiti yote, naacha ukauke sawasawa, kisha chokaa iliyozimwa zamani na mchanga usio wa pwani. Maji ya kisima cha chumvi usiyaguse kabisa.

Ule utafiti ni wa kweli, Admir Masic na wenzake wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, 2023, maji yakipita kwenye ufa yanayeyusha vipande vya chokaa vilivyomo ndani ya zege kisha inaganda na kuziba, nyufa za nusu milimita ziliziba kwa wiki mbili. Ila lile ni zege la majivu ya volkano, na shida yako wewe si ufa. Halafu chokaa isiyozimwa ikipata maji yachemka, macho utayatafuta.

Ukuta sijauona lakini, tupia picha na useme mchanga ulichota wapi.