Tumbo la wingu na vilima vya Kwale

Marubani wachanga wa hapa Mombasa huniuliza sana kuhusu radi. Radi utaiona ukiwa mbali, uizunguke. Mimi huwaonya kwanza kuhusu lile wingu la kijivu linaloletwa na kusi asubuhi za Mei, limetulia tuli, hata abiria hawalitilii maanani.

Masika moja nilikuwa natoka Voi na Cessna 172 kwenda Ukunda, nimebeba mzee mmoja wa Diani. Taarifa ya hali ya hewa ya Mombasa ilisema anga karibu lote limefunikwa, tumbo la wingu, yaani upande wake wa chini, liko futi 1,200. Nikaona nafasi ipo. Kumbe zile futi hupimwa kutoka uwanjani, na uwanja wa ndege wa Moi hapa Mombasa uko kama futi 200 juu ya bahari. Altimita yangu, kipimo cha kimo juu ya bahari, ingesoma 1,400 tu ndipo niguse wingu, na vilima vya Shimba vinafika karibu 1,500. Utapita wapi hapo? Tena upepo wa baharini ukipandishwa na vilima hupoa, mvuke ukageuka wingu, kwa hiyo huko Kwale hali huwa mbaya kuliko uwanjani.

Nilishuka futi 100, kisha 100 tena, nikijiambia mbele kutafunguka. Tulipopita Kinango mzee akaniinamia: “Mwanangu, yale si mabati ya watu?”

Yalikuwa mabati, na kuku niliwaona.

Niligeuza ndege palepale ardhi ingali inaonekana. Ukisubiri mpaka uzame winguni umechelewa: sikio la ndani, linaloshika usawa wa mwili, litakwambia uko sawa kumbe ndege inainama. Kama hujafunzwa kuruka kwa kusoma vyombo tu bila kuona nje, utaliamini.

Siku hizi kimo cha kurudi nakiandika kwenye karatasi kabla ya kuwasha injini, nikikifikia sibishani nacho. Halafu natoa kiwango cha umande, yaani joto ambalo mvuke huanza kugeuka maji, kwenye joto la hewa. Joto 27, umande 24, tofauti ni 3. Zidisha kwa 400, unapata futi 1,200 kutoka ardhini hadi tumbo la wingu. Ni makisio tu, ila tofauti ikizidi kupungua mimi naagiza chai. Mafuta nayo yatoshe kufika Malindi, nikishindwa kutua ninakokwenda.

Siku ile tulifuata barabara kuu kupitia Mariakani, tukatua Mombasa. Mzee akamalizia safari kwa feri ya Likoni na matatu, na hadi leo ananidai ile nauli.